Viluwiluwi Weusi na Ufunguo wa Maabara

Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu wa biolojia katangaza: atakayeleta viluwiluwi wa chura weusi kupita wote atakabidhiwa ufunguo wa maabara muhula mzima. Ufunguo! Saa ya mapumziko nitakuwa na pa kwenda, badala ya kusimama kando ya bomba nikijifanya nina kiu. Mpinzani ni mmoja tu: Kalamu Nne. Anabeba kalamu nne mfukoni na hana la kuandika hata kwa moja.

Jumanne, 5 Machi

Nimevua kumi na wawili mtaroni nyuma ya shule. Mimi nimesoma, bwana! Seli za rangi huanzia mgongoni, kisha husafiri hadi kwenye ngozi. Ukurasa wa mwisho wa sura umenyofoka. Si neno. Weusi huzaa weusi: nimewatia kwenye kopo jeusi, nikafunika. Giza maradufu!

Kalamu Nne kawaweka wake dirishani, ndani ya chupa ya kioo, juu ya kitambaa cheusi. Mwangani! Atawachujisha kama shati.

Dada akashauri nifunue kidogo. Nikamjibu kwamba sayansi haina huruma. Akasema kumbe si kopo tu lililofunikwa, hata kichwa.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi nimefunua. Wamepauka! Rangi ya maji ya kuoshea mchele. Wa Kalamu Nne? Masizi matupu. Kawapaka kitu, haiwezekani!

Dawa ya moto ni moto. Saa nne, wote wakiwa uwanjani, nimebadilisha: wake koponi kwangu, wangu chupani kwake. Kifuniko nikakibana barabara, asije mtu akawatambua.

Saa nane nikaitwa mbele. Nikafunua kwa madaha.

Wamepauka! Wale wale wa masizi! Na chupani, wangu, weusi tititi. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaeleza kwamba gizani rangi hujikusanya katikati ya seli na kiluwiluwi hupauka. Mwangani, juu ya kitu cheusi, rangi hutandaa, naye huiva weusi. Haichukui hata saa nyingi. Eti yote yako ukurasa wa mwisho wa sura.

Ufunguo kapewa Kalamu Nne. Hakujua hata auweke mfuko gani.

Ijumaa, 8 Machi

Kanifuata bombani. Akainamisha macho, akasema, "Ndugu yangu, twende maabara basi. Peke yangu napwaya mle, na wewe ndiye msomaji."

Huruma za mshindi! Nikamwambia nina kiu. Nikanywa maji mpaka kengele ikalia. Tumbo linacheza kama mtungi.

Nimetafakari kwa kina, na kosa nimelipata. Kopo lilikuwa linapitisha mwanga.

Kesho nanunua ndoo. Nyeusi, na kifuniko kinachobana.