Pingamizi Juu ya Mchumba Anayewasha Taa Mchana

Gatongora, Ruiru
Jumanne

Kwa Mzee Mumo,
Mwenyekiti wa Wazee wa Ukoo,
Makongeni, Thika.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: OMBI LA KUSIMAMISHA NDOA YA BINTI YANGU KWA MAKOSA YA BARABARANI

Najua wewe ni kaka yangu mkubwa na ningeweza kukupigia simu, lakini jambo lenyewe ni zito, nawe simu huiweka kwa spika ukiwa mezani. Jumamosi hii utaongoza wazee kuja kwangu kupokea mbuzi watatu wa ntheo kutoka kwa Mikkel, kijana wa Denmark anayetaka kumwoa Ndinda. Bila mbuzi hao hakuna ndoa katika ukoo wetu. Naomba, kwa heshima zote, uwakatae.

Kijana mwenyewe sina neno naye. Anasalimu wakubwa na anakula muthokoi bila kusukumwa. Shida ni jinsi anavyoendesha gari, na mimi niliyeendesha lori miaka thelathini na minne siwezi kunyamaza. Makosa yake ni haya:

1. Anawasha taa mchana. Ndinda anasema kwao ni sheria, jua liwake lisiwake, taa ziwake. Sasa wewe unajua hapa kwetu gari lenye taa mchana, tena likienda polepole, huwa linapeleka nini. Wiki jana alitoka huko Thika kwa mwendo ule ule ulioandikwa kwenye mabango, na alipoingia barabara yetu nyembamba magari kumi na moja yalikuwa nyuma yake yakishindwa kumpita. Msafara kamili! Watu wakavua kofia. Fundi wa viatu akazima redio. Walipoona msafara umekata kona kuingia kwangu, wakajijazia wenyewe jina la marehemu. Sijamaliza uji, kina mama wa chama wako mlangoni na kilo sita za sukari, na Wamboi mbele yao analia kwa sauti. Aliponiona na kikombe mkononi akasema, "Ngai, Baba Ndinda, kumbe uko! Na vile nimelia!" Sukari waliiacha, lakini walinitazama kama mtu aliyewaharibia siku.

2. Haelewi indiketa. Wewe na mimi tunajua lori likikuonyesha ya kushoto linakwambia pita, mbele ni kweupe, na likikuonyesha ya kulia linakwambia tulia, kuna kitu kinakuja. Huo ni upendo wa jirani. Kwao indiketa ina neno moja tu, eti ninakata kona! Hebu fikiria umaskini wa lugha hiyo. Juzi kwenye barabara ya Garissa alikuwa nyuma ya Kang'ethe, rafiki yangu wa zamani wa kazi, aliyebeba mawe ya ujenzi. Kang'ethe akampa ya kushoto. Mikkel akapunguza mwendo, akamngoja akate kona. Kang'ethe akaendelea kumpa, Mikkel akaendelea kungoja, kilomita ishirini, mpaka Kang'ethe akasimamisha lori, akashuka na kumwuliza, "Buda, mbona unanifuata? Nimekosea nani?" Mikkel akamjulisha kwa upole kwamba amesahau kukata kona. Kang'ethe alinipigia simu akicheka hadi nikakata.

3. Hapigi honi. Kwao honi ni ya hatari peke yake. Kwetu honi ni habari ya asubuhi, ni asante, ni pole kwa msiba, ni fungua geti, ni mama yako nimemwona sokoni anakutafuta. Kijana huyu amekuja kwangu mara saba, na mara saba nimeshtukia yuko ndani ya boma amesimama, kimya, na maua. Mara moja nilikuwa nimetia miguu kwenye karai, suruali imepandishwa magotini. Mkwe anapaswa kupiga honi tangu kule kwenye duka la nyama ili baba wa msichana apate nafasi ya kuvaa koti na kukasirika.

4. Anazoa matawi. Hili nilipolisikia nilikaa chini. Mwalimu Githae anayeongoza kwaya yetu alikuwa akipeleka waimbaji Ngoliba. Mbele ya kona kulikuwa na lori limeharibika, na dereva wake, mtu mwenye adabu, alikuwa ametandika matawi barabarani kuwaonya wanaokuja, kama tunavyofanya. Mikkel akatangulia kufika. Akadhani ni takataka. Akavaa kile kizibao chake kinachong'aa, akayazoa yote, akayafunga kifurushi akamletea mke wangu eti ni chakula cha mbuzi! Githae alipokata kona alifunga breki, akasimama shubiri moja kutoka kwa lori, na kwaya ikaimba nyimbo mbili palepale bila kuambiwa. Hakuna aliyeumia. Mikkel alipoelezwa alikaribia kulia, akarudi mbio na pembetatu nyekundu kutoka kwenye buti lake, akaiweka nyuma ya lori kwa hatua alizozihesabu. Alipogeuka kuitazama, haikuwepo. Nasikia sasa inapamba kibanda cha chipsi Witeithie. Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu hawakuwa wajinga. Tawi haliibiwi.

5. Hili la mwisho ndilo la kisheria, nawe ulisome ukiwa umevaa miwani. Jana Mikkel alileta mbuzi wale watatu kuwaonyesha. Mbuzi wa ntheo tunawajua, huja kwenye buti au juu ya gari, wakilalamika, ili ijulikane kuna shughuli. Hawa walikuja wameketi kwenye kiti cha nyuma, kila mmoja amefungwa mkanda! Dirisha limeshushwa kidogo wapate hewa. Walishuka mmoja mmoja na kutuangalia kama wageni waliofika mjini. Nimetafakari usiku kucha na hoja yangu ni hii: mbuzi aliyefungwa mkanda ni abiria, na abiria haliwi. Mila zetu hazina mahali zinaporuhusu wazee kumla abiria. Kwa hivyo mbuzi hao ni batili, ntheo ni batili, na ndoa ni batili. Ukipinga hoja hii nionyeshe wapi.

Na tukiacha sheria kando, nikwambie la moyoni. Akimwoa ataondoka naye kwenda kwao. Mimi nitabaki na mama yake tukitazamana. Sitaki Ndinda aende. Nimesema.

Nisalimie shemeji, watoto, Kaluki na mume wake, jirani wako mwenye kuku wengi, na kila anayeniuliza. Hapa sote tu wazima, hata mimi niliyeliliwa.

Wako katika ukoo na katika barabara,
Mbaluka, dereva mstaafu

Nyongeza: Nilitoka na barua hii niitume kwako na gari la Thika. Nikafika kwenye ile zebra ya shule ya msingi. Kaka, mimi nimeipita zebra ile na lori miaka yote na sijawahi kusimama mtu avuke. Nilichukulia ile michirizi ni mapambo. Mwaka Ndinda alipoanza darasa la kwanza, mama yake alisimama hapo kila asubuhi roho mkononi, kisha akamshika mkono wakakimbia, na mimi wakati huo niko mahali fulani nawapigia honi watoto wa wenzangu wakimbie upesi. Leo goti langu lilikataa kukimbia, nikabaki nimesimama. Likaja gari, likapunguza mwendo, likasimama kabisa. Alikuwa Mikkel. Hakunitambua, nilikuwa nimevuta kofia chini kwa ajili ya vumbi. Akanipungia mkono nipite, vile angempungia mtu yeyote. Nyuma yake walipiga honi na kumtukana, hakugeuka. Nikavuka polepole mpaka ng'ambo. Kisha, Mungu anisamehe, nikageuka nikavuka tena kurudi, na akaningoja tena. Huko anakompeleka Ndinda wote husimama hivyo. Njoo Jumamosi mapema, na kisu chako. Binti yangu aende.