Mhariri Mkuu wa Dhahabu Tarime

Mwaka homa ya dhahabu ilipolipuka, Swaleh hakushika sururu hata siku moja. Yeye alichimba watu. Nyamwaga walimjua kama Injinia, Machochwe kama Mjiolojia, Kisaka kama Mchungaji, na kote huko aliwauzia mashine za kunusa dhahabu ambazo, ukizifungua, ni redio mbovu zilizopakwa rangi. Sasa alikuwa amejibanza Tarime mjini, kwenye stesheneri ya Kauthar, akivizia riziki isiyotoa jasho.

Ndipo akamsikia Bi Agustina, mwalimu wa chuo, akimlalamikia Kauthar. "Sipandi cheo mpaka makala yangu itoke kwenye jarida la kitaaluma. Nitalipata wapi?"

Swaleh akakohoa kisomi. "Mama, unaongea na mhariri mkuu."

Jarida halikuwapo, lakini hayo ni mambo madogo. Ada ilikuwa punje moja ya dhahabu, na Agustina akaifungua kwenye kitambaa bila kubisha. Hadi saa saba mchana jarida lilikuwa na tovuti na jina la mkoa: Mara.

Kesho yake mama akarudi amenuna. "Nimelitafuta mtandaoni. Simu inaniletea mara moja, mara mbili, mara kwa mara! Kamati ya vyeo italionaje? Nirudishie punje yangu."

Swaleh akakamata mfuko wa shati. Punje! "Tubadilishe jina, mama. Taja wewe msomi."

"Liite Dhahabu Tarime. Siku hizi kila mwenye simu anatafuta maneno hayo. Weka na picha yako, na ofisi ilipo."

"Picha ya nini tena?"

"Uso wa profesa kama huo unaufichia nini?"

Na Swaleh, Mungu amsamehe, akaazima tai akapigwa picha.

Siku ya tatu mlango ulijaa watu.

"Injinia!" akanguruma Mzee Waitara wa Nyamwaga, mashine kwapani, ile picha ya tai kwenye simu yake.

"Injinia wapi? Huyu mchungaji wetu," akasema Nyangi wa Kisaka.

"Shikamoo, mzee," Swaleh akanong'ona.

"Marahaba. Keti hapo."

Punje Swaleh akaitoa mwenyewe, bila kuombwa. Agustina, aliyeingia nyuma yao, akaipokea, akavuta kiti.

"Makala yangu inahusu matapeli wa mashine za dhahabu. Miezi minne nimekwama, sikuwa na mhusika wa kumhoji, mpaka wewe ulipokohoa." Akafungua daftari. "Tuanze. Jina lako halisi?"

Swaleh akatazama mlangoni, akaona Mzee Waitara ameuziba, akalitaja.