Nimo Kwenye Wosia wa Shangazi

Jumatatu, 6 Mei

Habari kubwa! Shangazi anaandika wosia. Kaniambia muuza dawa wa jirani, naye kaambiwa na Shangazi mwenyewe, kwa hiyo si porojo.

Niandike mambo yalivyo, nikishakuwa mtu mkubwa nisije nikasahau. Shangazi ni dada wa marehemu baba. Ana miaka sabini na tisa na hana mtoto. Kazi yake ni kujalidi vitabu: anavishona, anavitia gundi, anavivalisha majalada mapya. Karakana yake ni chumba kirefu chenye meza mbili, chuma cha kubania vitabu kizito kama ndama, na harufu ya gundi isiyotoka hata kwenye mapazia. Juu ya karakana kuna vyumba vitatu. Kimoja nakaa mimi, kwa muda tu, huu mwaka wa sita.

Warithi ni wawili. Mimi, na binti wa baba mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu wa shule na hajapata kuchelewa popote. Nadhani hata mvua humsubiri afungue mwavuli.

Nikiri jambo moja: hakuna mkono kama wa Shangazi. Leo mtu alimletea kamusi ndani ya mfuko wa plastiki, imesambaratika kama mifupa ya samaki. Saa tisa alasiri ilikuwa inafunguka na kufungika kama mlango mpya. Nilimtazama mpaka nikasahau nilichoshukia. Nilishuka kumuuliza habari za wosia! Nilipokumbuka na kuuliza, aliniomba nimsogezee mkasi.

Mpango wangu ni huu. Mwalimu Mkuu ndiye kipenzi chake, kwa hiyo wosia utampa yeye. Kwa hiyo wosia sharti uwe batili. Nimesoma mahali kwamba asipokuwa na akili timamu mwenye kuandika, wosia wake ni karatasi tu. Tukikosa wosia tunagawana nusu kwa nusu. Wepesi ulioje!

Jumanne, 7 Mei

Kazi imeanza. Sikusema uongo wowote mkubwa. Nilimwambia muuza dawa, huku nikishusha pumzi, kwamba Shangazi siku hizi anasahau. Akauliza anasahau nini. Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema anasahau leo ni siku gani. Kinyozi nikamwambia kwamba anaongea na vitabu. Hilo ni kweli tupu: huviambia "tulia, tulia" anapovibana.

Kufikia jioni maneno yalikuwa yamenenepa kuliko nilivyoyaachia. Mteja mmoja alikuja mbio kuchukua kitabu chake kabla Shangazi hajakila.

Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu nikaifikiria nusu ya karakana, nikapona.

Jumatano, 8 Mei

Nimemsindikiza Shangazi kwa wakili. Ghorofa ya tatu, ngazi sitini na nne. Naijua idadi kwa sababu nilipumzika mara tatu. Shangazi alinisubiri juu.

Wakili ni mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, na mezani kwake hakuna karatasi iliyokaa bila sababu. Alinisalimia vizuri, kisha akaniomba nikae nje. Nikasema mimi ni mtu wa karibu sana na mama huyu. Akasema ndiyo maana.

Nikakaa benchi la nje, sikio kwenye tundu la ufunguo. Karani akapiga taipu kwa kishindo ambacho nadhani kilikuwa cha makusudi. Hata hivyo niliokota vipande. Wakili aliuliza mali moja moja, hadi sindano. Aliuliza mrithi akitangulia kufa, fungu lake liende wapi. Aliuliza nani atasimamia mirathi, na je, huyo mtu ameulizwa akakubali? Aliuliza kama kuna wosia wa zamani, ili huu mpya uufute. Kila swali lilifunga mlango ambao mtu kama mimi angepitia! Nikajikuta natikisa kichwa kwa heshima. Mwanamke huyu ningempata upande wangu, ningekuwa mbali sana.

Mwisho akauliza kama kuna yeyote anayemshinikiza. Shangazi akacheka. Akajibu kwa sauti ya kunifikia: "Yupo mmoja, lakini hana nguvu. Yuko hapo nyuma ya mlango. Mwanangu, kaa vizuri, utaumwa shingo."

Nikakaa vizuri. Karani aliacha taipu ili apate nafasi ya kucheka.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya kutia sahihi! Siku ya ajabu.

Wosia ulikuwa tayari mezani, kurasa nne. Shangazi ameushona mwenyewe kwa uzi mwekundu, mshono mmoja tangu juu hadi chini, fundo limegandishwa kwa lakiri. Hakuna ukurasa utakaotoka wala kuingia bila uzi kukatwa. Wakili alisema tangu aanze kazi hajaona wosia uliovaa vizuri namna hiyo. Nami sijaona. (Nilikuwa na wazo dogo kuhusu ukurasa wa tatu. Limekufa.)

Wanatakiwa mashahidi wawili, wote wamwone Shangazi kwa macho yao akitia sahihi. Mmoja muuza dawa. Wa pili alikuwa kinyozi, lakini asubuhi nilimpitia nikamwambia shughuli imeahirishwa. Ujanja! Shahidi hukaa karibu na karatasi. Shahidi huona nani kapewa nini. Basi kinyozi alipokosekana nikajitolea kwa unyenyekevu mkubwa, nikavuta kiti, nikashika kalamu.

Wakili alikuwa anafungua mdomo. Shangazi akamtangulia.

"Weka kalamu chini," akasema. "Shahidi harithi. Ukiandika jina lako hapo umejifuta mwenyewe."

Ilichukua muda kuniingia. Kujifuta? Mtu hujifuta mahali alipoandikwa!

Nimo! Nimo kwenye wosia!

Nilimtazama yule mama, mikono yake yenye makovu ya sindano, nikataka kumkumbatia pamoja na kiti chake. Ndipo muuza dawa akakohoa. Akasema kwa heshima zote yeye hawezi kuandika kwamba mama huyu ana akili timamu, maana mtoto wa kaka yake alimweleza kuwa hajui leo ni siku gani.

Wote wakanigeukia. Wakili akavua miwani. Akasema sahihi haitatiwa leo. Apatikane kwanza daktari, ampime, aandike barua, kwani neno likishatembea mtaani mtu yeyote anaweza kulibeba hadi mahakamani.

Shangazi hakunigombeza. Aliniangalia jinsi anavyoangalia kitabu kilicholowa maji, akipima kama kinaokoleka.

Jumamosi, 11 Mei

Nimezunguka mtaa mzima kuyarudisha maneno yangu. Kazi ngumu! Yalitoka yakikimbia, na sasa hayataki kurudi hata kwa kuburutwa.

Nilianza kwa kinyozi. Nikakaa kitini, akaanza kuninyoa, nikamwambia kwamba Shangazi ana akili timamu kabisa. Akauliza nani kasema hana. Nikasema mimi. Akauliza, na ile shughuli aliyoambiwa imeahirishwa, nani aliiahirisha? Nikasema pia mimi. Mashine ikazimwa. Nusu ya kichwa ilikuwa bado. Akaniuliza kwa upole kama nalala vizuri.

Kufikia adhuhuri mtaa ulikuwa umeelewana: ugonjwa upo kwenye ukoo, ila haukumpata Shangazi.

Nimemaliza nusu ya pili ya kichwa kwa wembe wangu mwenyewe. Sitaeleza zaidi.

Jumatatu, 13 Mei

Kwa daktari. Nilikuwa natoka jasho kuliko mgonjwa.

Daktari aliuliza leo tarehe ngapi. Shangazi akataja siku, tarehe na mwezi, kisha akainuka akafunua kalenda ya ukutani, kwa sababu daktari mwenyewe bado alikuwa Aprili. Akaambiwa ahesabu kurudi nyuma kutoka mia, akiruka saba saba. Akafika mwisho bila kukwama. Mimi nilijaribu kimoyomoyo nikakwama themanini na sita. Akaulizwa ana mali gani. Akaitaja yote, mkasi hadi mkasi. Akaulizwa ni watu gani wanaotarajia kumrithi.

"Wawili," akasema. "Mmoja anaweza kila kitu. Mwingine anafundishika."

Nikainuka nikainyoosha ile kalenda ya ukutani, ingawa ilikuwa imenyooka.

Daktari akaandika barua. Shangazi akaisoma, akaomba iongezwe saa aliyopimwa. Ikaongezwa.

Alasiri tukawa tena ghorofa ya tatu. Muuza dawa na kinyozi ndani, mimi nje kwenye benchi pamoja na Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amefika kabla ya wakati kama kawaida yake. Nilimtazama kwa jicho la ushindi. Akaniuliza nani kaninyoa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba Shangazi alitaka kumwachia yeye karakana, na yeye ndiye aliyemwomba anifikirie mimi kwanza, maana yeye ana shule tayari. Nikamuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Ujanja wa kiwango cha juu! Nimemvulia kofia.

Mlango ulipofunguliwa Shangazi alikuwa anafuta wino kidoleni. Sahihi yake kila ukurasa, mashahidi chini yake, tarehe juu. Wakili akaufungia wosia kwenye kabati la chuma. Nilisikia ufunguo ukizunguka mara mbili. Wosia kamili, usio na tundu hata la kupitisha uzi!

Jumanne, 14 Mei

Shangazi ameniita mezani akanisomea fungu langu kutoka kwenye nakala yake. Vyumba vya juu ni vyetu wawili, mimi na Mwalimu Mkuu. Karakana na vyombo vyake vyote ni vyangu. Nikaruka juu.

Akaniambia nikae, sharti lilikuwa bado.

Sharti: yeye angali hai, nimletee kitabu kimoja nilichokijalidi kwa mkono wangu, kuanzia mshono hadi jalada. Akiridhika atatia alama yake ndani, na kitabu kitakaa kwa wakili pamoja na wosia. Nisipofanya hivyo, karakana inakwenda kwenye ile shule ya Mwalimu Mkuu, watoto wafundishwe kazi.

Nikauliza kama sharti linaweza kulegezwa. Akasema halijashonwa kwa uzi wa kulegea.

Alhamisi, 16 Mei

Siku mbili za mafunzo. Nimejidunga mara kumi na moja. Gundi yangu inashika kila kitu isipokuwa karatasi. Leo nilijalidi mkono wa shati langu pamoja na kurasa ishirini za mwanzo, ikabidi nivue shati. Shangazi alilibana kwenye chuma pamoja na kitabu, akasema tusiharibu kazi nzuri.

Yeye hushona bila kutazama sindano. Nimekaa nikimwangalia asubuhi nzima. Ni kama kumwangalia mtu akitembea nyumbani kwake gizani. Sitaweza kamwe. Watu wa namna yangu hutumia kichwa.

Jumatano, 22 Mei

Nimeshinda! Tena kwa akili tupu, bila kujifunza chochote.

Rafu ya juu ya karakana imejaa vitabu alivyojalidi Shangazi miaka mingi iliyopita. Ijumaa alipotoka nilichukua kimoja, cha hesabu, ili nimpelekee kama kazi yangu. Tatizo lilikuwa moja: mshono wake unajulikana. Nikaukata wote. Basi ikabidi nishone upya, mkunjo kwa mkunjo, na mara mbili mgongo ulikwenda upande nikafumua nikarudia. Jalada lake la zamani nalo lingenisaliti, nikalibandua, nikakata kadibodi mpya, nikaivalisha kitambaa cha kijani, nikatia gundi kidogo kidogo, nikakibana siku mbili. Siku tano za kuficha ushahidi! Mgongo unaniuma. Lakini hivyo ndivyo ulaghai wa maana unavyofanywa.

Leo nikamkabidhi. Alikifungua katikati. Akapitisha kidole gumba mgongoni. Akakinusa. Akauliza nani kashona. Nikasema mimi, bila kupepesa macho. Nani kakata kadibodi? Mimi. Nani katia gundi? Mimi, Shangazi, nani mwingine? Akasema mshono wa nne umelegea na pembe moja imenenepa, lakini hiki ni kitabu. Akatia alama yake ndani ya jalada. Halafu akafuta macho kwa aproni, akasema gundi ya siku hizi ni kali.

Amedanganyika kabisa! Yule yule aliyemshinda daktari na kumtangulia wakili! Nilimwonea huruma kidogo, nikajizuia nisicheke.

Anataka nimletee vingine vitatu kufikia mwisho wa mwezi. Haina shida, rafu imejaa. Nitavifumua, nitavishona upya, nitavivalisha majalada mapya, wala hatagundua kitu. Kwa mtindo huu naweza kuendesha karakana hii miaka arobaini bila kuijua kazi yake.