Wahamiaji wa Ngulyati

"Wananchi wa Ngulyati mnatangaziwa kuwa, kuanzia leo, mtu ni mzawa wa pale alipokatiwa kitovu. Aliyekatiwa kwingine ni mhamiaji, atarudishwa alikotoka, na shamba lake atapewa mwekezaji!"

Ndivyo alivyosoma Bwana Marcelo, Mwenyekiti wa Kamati ya Kubaini Wazawa, suti ya mtumba ikimbana kwapani. Soko huria limefika, alieleza, na kiwanda cha kuchambua pamba kinataka ardhi isiyo na utata. Mwekezaji mwenyewe alitua nchini juzi tu, ila hilo kamati ilishalimaliza: mwekezaji si mhamiaji, ni mgeni wa maendeleo. Jambo la busara kabisa.

Wa kwanza kuitwa alikuwa bibi Kwandu, ambaye shamba lake liko kandokando ya barabara ya Bariadi.

"Mwangaluka, mayu," Marcelo alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma. "Ulikatiwa wapi kitovu?"

"Kalemela."

"Kule ziwani? Ukafuata nini?"

"Mimi kifungua mimba, baba. Mama alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kama wanawake wote wa hapa. Nikarudishwa mgongoni, hata kukaa sijajua."

"Kwa hiyo unakiri uliingia."

"Niliingizwa!"

"Andika: mhamiaji wa kubebwa," Marcelo alimwambia karani. "Hao ndio hatari. Hata safari hawaikumbuki."

Hadi mchana, vifungua mimba wote walikuwa wahamiaji: mwalimu mkuu, katekista Yakobo, na karani, aliyejiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri. Kwandu alikuwa akilia waziwazi. Pamba yake ndiyo kwanza ilikuwa inapasuka.

Marcelo alimwonea huruma kidogo, lakini kanuni ni kanuni. Mara akainuka mama yake mzazi, Eufrasia, aliyekuja kumwona mwanawe amevaa suti.

"Na mimi niseme ya mwanangu!"

"Mama, kaa."

"Sikai ng'o! Kifungua mimba wangu huyu! Nilikuwa nakwenda kwa mama yangu Mwanza. Nimepanda treni Malampaka, hatujafika mbali, uchungu huo! Behewa la daraja la tatu, wanawake wakanizungushia khanga. Kitovu kimekatwa treni inakimbia, haikusimama hata kidogo!"

Karani akakohoa.

"Mheshimiwa, niandike kijiji gani?"

Marcelo alijipapasa tai. "Kanuni hii... inahitaji tafsiri."

"Tafsiri ya nini?" Kwandu alijifuta machozi. "Mbona ni ya busara kabisa!"

Basi kanuni ikafuatwa. Shamba la Kwandu likabaki la Kwandu, maana amri iliyotiwa sahihi na Mwenyekiti mhamiaji haina nguvu, na Mwenyekiti akapakiwa kwenye lori la pamba mpaka Malampaka, arudishwe kwenye treni alikozaliwa. Kwandu alimfungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ale njiani.

"Sasa atashuka wapi?" Eufrasia aliuliza, treni ilipoanza kuondoka.

"Asishuke, mayu," alisema karani. "Akikanyaga chini tu, kahamia."