Tundu la Kidole na Milango Minane

Jumatatu, 3 Juni
Wageni wameondoka. Bi Onodera wa Sendai na mwanawe, mtoto asiyetulia hata akiwa amelala. Nimeingia kukagua nyumba, nikaliona. Tundu! Mlango wa fremu ya mbao na karatasi wa chumba cha nyuma, tundu moja la kidole cha mtoto. Nimepiga magoti kwa furaha.

Maana hali ni mbaya. Nyumba hii ya kulaza wageni ni ya mama mkwe, na mke wangu Fumie ameshatangaza: isipoingiza faida mwezi huu, mama anaichukua, na mimi narudi kwenye duka la achari la shemeji Shigeki. Nilikaa kule nikizika figili kwenye pumba za mchele zichachuke, mpaka paka wakawa wananifuata kwa harufu barabarani. Sirudi!

Hesabu yangu ni safi. Karatasi mpya ni nyeupe, za zamani zimegeuka manjano. Ukibadilisha mlango mmoja, mingine itaonekana michafu. Kwa hiyo ni milango yote minane. Nimeidai kampuni inayotuletea wageni fidia ya milango minane. Wamejibu papo hapo: tuma picha. Nje mvua, ndani giza. Kesho.

Jumanne, 4 Juni
Balaa! Mama mkwe amepita asubuhi kufungua madirisha. Ameliona tundu, akakata karatasi umbo la ua la mcheri, akaliziba. Ua zuri, tena sana. Nimetamani kulia. Nimemuuliza nani kamtuma. Akaniambia, "Mwanangu, kitundu cha kidole ndicho cha kunifokea? Wanangu walitoboa milango yote hii na hakuna aliyekufa." Akaenda zake.

Nimelibandua ua taratibu kwa ukucha. Gundi ya mama mkwe haina mchezo. Nimevuta. Limetoka na kipande kikubwa kama sahani. Nimeshtuka, nikarudi nyuma, nikakanyaga ndoo ya kudekia, nikaushika mlango ili nisianguke. Tumeanguka wote. Fremu ya mbao imevunjika vipande, nami nimelala juu yake nikiangalia bustani.

Nimepiga picha. Imetoka vizuri kweli. Nimetuma.

Alhamisi, 6 Juni
Situlii. Naangalia simu hata nikiwa chooni. Kampuni wamejibu. Kumbe Bi Onodera alikiri mwenyewe siku ile ile, akawatumia picha yake: kitundu, na kidole cha mtoto kando yake. Wanaomba nieleze imekuwaje tundu la kidole sasa linapitisha ng'ombe. Nimewaeleza kwamba huu ni msimu wa mvua, unyevu hutanua karatasi. Wakauliza kuhusu mbao. Nimesema mbao ziliifuata karatasi.

Wameahidi kulifikiria! Bado nina pumzi.

Ijumaa, 7 Juni
Kimekuja kifurushi. Kimetoka kwa Bi Onodera: boksi la keki laini za maharagwe matamu, na kikaratasi cha kuomba radhi. Mtego! Ukila zawadi ya radhi, umesamehe, maneno yamekwisha. Hata mtoto anajua. Nitairudisha kesho ikiwa vilevile. Nimeiweka juu ya kabati.

Nimezunguka sebule. Nimekaa. Nimesimama. Nimeishusha niangalie tu kama hazikupondeka njiani. Moja ilikuwa imepondeka. Nimeila isije ikaharibu wenzake. Ya pili nayo ilikuwa na wasiwasi.

Fumie amerudi kazini, akaona boksi liko wazi na unga kwenye masharubu yangu. Amempigia Bi Onodera palepale, anainama na simu sikioni kana kwamba mama wa watu anamwona: asante sana, mume wangu amezifurahia mno, yaliyopita yamepita, msalimie mtoto. Nampungia mikono anyamaze. Kanigeuzia mgongo.

Jioni kampuni wameandika. Wamefurahi kusikia kwa Bi Onodera kwamba tumesameheana. Dai limefungwa.

Jumapili, 9 Juni
Kubandika karatasi mpya, familia nzima. Kwanza za zamani zinatobolewa, ndiyo raha yenyewe. Shigeki katoboa milango saba kwa ngumi, anacheka kama mtoto. Ananuka vilevile. Akanipiga begani: "Shemeji, wewe ulianza na mwili mzima, sisi wengine acha tutumie mikono!" Hata mama mkwe kacheka. Nimeumia, sifichi.

Fundi wa fremu kalipwa na mama mkwe, deni ni langu. Kesho naingia dukani kwa Shigeki mpaka nilimalize. Nyumba mama mkwe kaniachia, ila kwa sharti: dai jingine la kipuuzi, anaichukua moja kwa moja.

Jumatatu, 10 Juni
Mawe ya kukandamizia figili. Mgongo wangu! Paka wawili mlangoni, wamenikumbuka.

Lakini mchana simu imelia. Wageni Jumamosi: mama na watoto watatu wa kiume. Watatu! Nimemjibu mama yao wacheze watakavyo, wajisikie nyumbani. Maana nimekaa nimefikiri, na kosa langu lilikuwa moja tu, mpangilio. Safari hii picha ya tundu kwanza, ndipo nianguke na mlango. Ndoo nimeshaiweka mahali pake. Na zawadi ya radhi ikija, hailiwi. Nitaifungua tu, niangalie kama haikupondeka.