Nywele za Liz Jangwani

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Mwanangu Liz ameng'oa mti wangu mmoja sasa hivi akautia mdomoni. Nimemtoa matawi kwa kidole. Mti wenyewe mdogo kama kidole! Ni wa yule mzungu anayefundisha hesabu sekondari. Mtu mzima, ana wanajeshi wa bati wadogo kama njugu, anacheza nao vita mezani na padre. Anataka vichaka hamsini vya jangwani vya kupamba uwanja wao wa vita, kufikia Ijumaa. Nikimaliza, cherehani ya mkewe ni yangu. Vijiti ninavyo, mchanga nimechota mtoni. Majani ndiyo shida. Nimejaribu nyuzi za mkonge. Jirani yangu Pamela amesema nimewashonea panya fagio.

Jumanne, 6 Agosti

Mama mkwe amemnyoa Liz. Akanipa nywele kwenye karatasi, akasema nikazitupe chooni, hata moja isibaki, mtu mbaya asije akaziokota. Nikasema ndiyo Mama. Njiani nikafungua kidogo. Laini, zimejikunja. Kichaka kabisa! Nimezitia rangi ya vikapu, zimetosha vichaka kumi na viwili. Mungu anisamehe. Choo hakijui kuhesabu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimempelekea mzungu. Akapiga magoti kuviangalia, kama yuko kanisani. Akauliza ni mmea gani. Nikasema unamea kwetu nyumbani.

Nimerudi, Liz ana joto. Mama akauliza zile nywele nilitupa wapi. Chooni, nikasema. Akasema:

"Dorah, nywele za mtoto zikishikwa, mtoto naye ameshikwa."

Akijua, nitarudishwa kwetu Kisii. Liz atabaki hapa, mtoto ni wa boma la baba. Na mume wangu Ryoba yuko Masara kwenye machimbo ya dhahabu, nani atanitetea? Uji umeungua. Sijala.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefika kwa mzungu kabla ya chai. Wako vitani! Wanajeshi wamejificha ndani ya nywele za mwanangu, na mizinga imeelekezwa hapo hapo. Nikasema vichaka vina wadudu, nivichukue vyote. Padre akaniomba wamalize kwanza, yeye ndiye anashinda. Nikasimama mlangoni. Kila dadu ikirushwa nahesabu vichaka upya. Vichaka viwili vikaangushwa. Yesu wangu!

Vyote kumi na viwili sasa viko chooni, nimehesabu mara tatu. Nikakimbilia ndani. Liz anakula ugali, anacheka. Jino limetoka! Joto lilikuwa la jino. Mama anasema aliliona tangu jana. Nimelia mpaka Liz akanipa ugali wake. Nimeapa sitashika tena unywele wa mtu.

Ijumaa, 9 Agosti

Pamela amempelekea mzungu vichaka ishirini vya sponji ya godoro. Godoro lake mwenyewe! Anasema cherehani ameshaitafutia meza. Mzungu kanionea huruma, kanipa mpaka Jumatatu, lakini sasa anataka na nyasi kavu za jangwani. Ziwe nyeupe nyeupe.

Nyeupe. Nitatoa wapi?

Mama ameniomba nimnyoe leo. Nimeangalia mvi zake wakati anapepeta mtama. Naogopa hata kuandika. Lakini Mama si mtoto. Meno yote alishaota, mengine yameshang'oka, joto litatoka wapi? Nitachukua za kisogoni tu. Zile zingine zote nitatupa chooni, naapa, hata moja hai...

Ananiita, wembe ameshaunoa.