Kipaza Sauti Kisichotegemea Laini

Umma unaarifiwa kwamba Mamlaka yetu ya Umeme imekamilisha Mfumo Jumuishi wa Kusikilizana, utakaowawezesha wananchi kumsikia Mheshimiwa Mwenyekiti. Mimi ni Katibu wa Kamati Ndogo ya Maelezo. Nilikuwepo tangu mwanzo, na nathibitisha kwamba kila kosa lilifanyika kwa kufuata utaratibu.

Vipaza sauti vya ukumbi vinaendeshwa na kompyuta, na kompyuta haioni nyaya. Inasoma faili liitwalo mti wa vifaa, ambamo kila kifaa kimeandikwa pamoja na laini inayokipa umeme. Mhandisi wetu, dada wa mkataba asiye na mbwembwe, aliandika kwamba feni ya choo inategemea laini ya pili, na kipaza sauti cha Mwenyekiti kinategemea laini ya tatu.

Faili liliposomwa mbele ya kamati, kikao kikachafuka.

"Mimi na feni ya choo, bega kwa bega?" aliuliza Mwenyekiti.

"Ni umeme tu, Mheshimiwa."

"Mimi sitegemei laini. Laini ndizo zinanitegemea. Futa."

"Nikifuta, laini ya tatu itakosa mwenyewe. Kompyuta ikishawaka inazima kila laini isiyo na mwenyewe."

"Dada yangu, mkataba wako unaisha lini?"

Akafuta laini, akaacha jina la kipaza sauti peke yake. Mimi nikaandika kwamba wajumbe waliafikiana kwa kauli moja.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Nesi wa zahanati ya jirani alikuja na kisanduku cha barafu begani, ndani yake chanjo za watoto. Zahanati yake tulikuwa tumeikatia umeme, kwa kuwa haikuonekana kwenye orodha ya wateja wetu. Kila mkutano alisimama kuuliza, na kila mara Mwenyekiti alibonyeza kitufe chake kinachozima vipaza sauti vya wengine, akasema, "Kisichoandikwa hakipo." Sisi wajumbe tulicheka kwa mujibu wa itifaki.

"Ndugu wananchi," alianza Mwenyekiti, na sauti ikakatika hapo hapo: kompyuta ilikuwa ndiyo kwanza imemaliza kuwaka, ikazima laini ya tatu. Akakigonga kipaza sauti, akabonyeza kitufe, wapi. Skrini ilionyesha taa ya kijani, maana kompyuta isipoelezwa laini ya kifaa hujichukulia kwamba umeme upo. Kwa hiyo, kiofisi, Mheshimiwa alikuwa anasikika vizuri. Watu walimtazama akichezesha mdomo.

Nesi akasogea kwenye kipaza sauti cha wananchi.

"Barafu hii inayeyuka," alisema. "Chanjo zikiharibika, kina mama niwaambie nini?"

Safari hii hakuna aliyemkata. Mwenyekiti akashuka jukwaani na kujaribu kujipenyeza mbele.

"Foleni, baba," alisema mzee mmoja.

Akapanga foleni, jasho likimtoka. Zamu yake ilipofika aliinama akauliza, na ukumbi mzima ukamsikia: "Mbona changu hakifanyi kazi?"

"Kwani kimeandikwa?" aliuliza nesi.

Kicheko kilichofuata hakikuwa kwenye ratiba. Mwenyekiti akamwambia mhandisi aandike vyote vilivyoachwa, haraka.

"Nianze na kipi, Mheshimiwa?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni pake, na watu wote wanamwangalia yeye na kisanduku.

"Zahanati," alisema.

Friji ya zahanati iliwaka mchana ule ule. Kipaza sauti cha Mwenyekiti nacho sasa kimo kwenye faili pamoja na laini yake, mstari mmoja chini ya feni ya choo.